Somo: Kuunganisha Kompyuta Mbili za Zamani kwa Simu

Kompyuta mbili za nyumbani za miaka ya 1980, kama vile Commodore 64 na Apple II, zaweza kupelekeana mafaili zikiwa mbalimbali iwapo kila moja ina modemu, yaani chombo kigeuzacho tarakimu kuwa sauti ipitayo katika waya wa simu. Modemu ya biti 300 kwa sekunde hupeleka herufi zipatazo 30 kwa sekunde. Ukurasa wa herufi 1,800 huchukua dakika nzima, huku gharama ya simu ikipanda.

Ucheleweshaji huo huvumilika. Hatari hasa ni mkwaruzo wa waya, uwezao kugeuza tarakimu ya hesabu bila mtu kujua. Dawa yake ilitungwa mwaka 1977 na Ward Christensen wa Chicago, nayo huitwa XMODEM. Faili hukatwa mafungu ya baiti 128. Kila fungu hupewa namba, na mwishoni huandikwa masalio ya jumla ya baiti zake ikigawanywa kwa 256. Kompyuta ipokeayo hujumlisha upya. Zisipolingana, hulikataa fungu, nalo hupelekwa tena, kama karani wa mizani akataavyo stakabadhi yenye mashaka.

Hata hivyo, mzoefu wa leja atauona upungufu: kilo 450 zikigeuka 540, jumla ya baiti haibadiliki. Kwa sababu hiyo baadaye ilitungwa hesabu kali zaidi ya biti 16, itambuayo hata mpangilio. Programu za pande zote mbili zikiwa nayo, ichaguliwe hiyo.