Afya ya Mgombea: Tujue Nini, Tuache Nini?



Somo letu safari hii linahusu jambo linalosemwa sana sokoni na ndani ya matatu, lakini halizungumzwi wazi kwenye mikutano yetu. Ni ugonjwa wa wale wanaotuomba kura. Tunaelekea kura ya Agosti 2027 na maneno hayakosi. "Huyu figo zimekwisha." "Yule anakunywa dawa kila siku." Je, kujua mambo haya ni haki yetu, ama ni umbea tu? Tutafuata njia yetu ya kawaida: tuone, tupime, tutende. Anayeongoza jumuiya asome polepole, halafu mjadili maswali yaliyo mwishoni.

1. TUONE

Nianze na jambo lililonipata mwenyewe. Mwaka 2013, tulipochagua wawakilishi wadi kwa mara ya kwanza, mama mmoja wa mahali nilipokuwa nikihudumu alisimama. Siku hizo nilizunguka na wahudumu wanaotembelea wagonjwa nyumbani, kwa hiyo nyumba nyingi nilizijua kwa ndani. Jumapili moja mzee wa kanisa akanisimamisha baada ya Misa. "Binti yangu," akasema, "wewe unaingia kila boma. Huyu mama ana ule ugonjwa ama hana? Tusije tukapoteza kura zetu." Nikamjibu, "Baba, hata ningejua nisingesema. Nikisema ya huyu leo, kesho nitasema yako." Mzee alikasirika, na kwa miezi kadhaa tulisalimiana kwa shida.

Yule mama alishindwa. Uvumi ulimwangusha kabla ya siku ya kura. Leo, zaidi ya miaka 10 baadaye, yu hai, analima, na ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama. Sijasikia mtu hata mmoja aliyemwomba msamaha. Nami ninalo langu la kujuta. Kutunza siri za wagonjwa kulikuwa wajibu wangu, hilo silijutii. Lakini watu walipomteta mbele yangu, nilikaa kimya. Nisingehitaji kutoa siri ya mtu yeyote ili niseme, "Jamani, hilo si swali la kumpima mgombea." Sikusema.

Huo ni upande mmoja. Sasa tuone wa pili, kwa sababu kuficha nako kunaumiza.

Wakati wa Mzee Jomo Kenyatta, kuzungumzia afya ya Rais kulikuwa hatari. Mwaka 1976 Mkuu wa Sheria, Charles Njonjo, aliwaonya watu kwamba kuwazia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Mzee alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978.

Desemba 2002, Mwai Kibaki aliumia katika ajali ya barabarani wakati wa kampeni, akapelekwa London kutibiwa. Aliapishwa tarehe 30 Desemba akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na kila mtu aliona. Hakuna aliyeshangaa, maana ajali ilijulikana. Lakini Januari 2003 alipolazwa hospitalini kwa sababu ya damu iliyoganda mguuni, maelezo yalikuwa machache, na uvumi ukajaza pengo. Tunaona hapa kwamba lililo wazi watu hulizoea, na lililofunikwa huzaa maneno.

Kwa jirani zetu Tanzania, Rais John Magufuli hakuonekana hadharani kwa zaidi ya wiki 2 mwaka 2021. Viongozi wakasema yuko salama na anachapa kazi. Tarehe 17 Machi wananchi wakatangaziwa kifo chake. Huko Malawi, Rais Bingu wa Mutharika alifariki Aprili 2012 na taifa likakaa siku 2 bila kuambiwa rasmi, huku wakubwa wakivutana juu ya nani atashika nafasi. Na Ufaransa, François Mitterrand alipochaguliwa mwaka 1981 aliahidi kutoa taarifa za afya yake mara kwa mara. Mwaka huohuo madaktari wakakuta ana saratani. Taarifa ziliendelea kutolewa, lakini saratani haikutajwa. Wananchi waliambiwa mwaka 1992. Kwa hiyo barua ya daktari peke yake si ukweli.

2. TUPIME

Tupime kwa sheria kwanza. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na mgombea ni mtu. Kifungu cha 35 kinampa mwananchi haki ya kupata habari. Kifungu cha 27 kinakataza serikali na mtu yeyote kumbagua mwingine kwa hali ya afya au ulemavu. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 nayo inasema kwamba mtu hawezi kunyimwa nafasi ya kugombea kwa sababu tu ana virusi, au kwa sababu anadhaniwa kuwa navyo. Kwa hiyo swali la yule mzee, pamoja na nia yake njema, sheria ilikuwa imeshalijibu.

Je, kiongozi akishindwa na kazi kwa ugonjwa akiwa tayari ofisini? Kifungu cha 144 kimeweka njia. Mbunge akiungwa mkono na angalau robo ya wabunge wote anaweza kuleta hoja kwamba uwezo wa Rais wa mwili au akili uchunguzwe. Wabunge walio wengi wakikubali, Jaji Mkuu anateua jopo la watu 5: madaktari 3, wakili 1, na mtu 1 anayependekezwa na Rais mwenyewe au jamaa yake. Jopo lina siku 14 kutoa ripoti. Gavana naye anaweza kuondolewa kwa kukosa uwezo wa mwili au akili, chini ya kifungu cha 181. Angalieni vizuri: Katiba haiulizi, "Ana ugonjwa gani?" Inauliza, "Anaweza kufanya kazi?" Hicho ndicho kipimo chetu.

Sasa tupime kwa imani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 26, unataja haki za kila binadamu. Haki ya kupata habari zinazofaa na haki ya kulindiwa faragha zimewekwa pamoja katika orodha moja. Kanisa halikuchagua moja likatupa nyingine. Katekisimu nayo, namba 2489, inafundisha kwamba mtu halazimiki kumwambia ukweli yule asiye na haki ya kuujua. Hiyo haitoi ruhusa ya kudanganya. Kunyamaza ni kitu kimoja, kusema uongo ni kingine.

Tunayo pia mifano. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alitetemeka mbele ya macho ya dunia nzima mpaka alipofariki mwaka 2005, na udhaifu wake ukawa mafundisho. Benedikto XVI alitangaza Februari 2013 kwamba nguvu zake hazitoshi tena kwa kazi, akang'atuka. Hatuwezi kusema mmoja alikosea. Kila mmoja alijiuliza mbele ya Mungu, naye hakuificha hali yake.

Hapa kwetu, marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliwaambia watu wazi mwaka 2019 kwamba ana saratani. Alifariki Julai mwaka huo. Siku 3 baadaye gavana wa Bomet, Joyce Laboso, naye akafariki kwa saratani. Maneno ya Okoth yaliwafanya wengi wazungumzie ugonjwa ambao walikuwa wakiunong'ona tu. Lakini huo ni ukarimu wa mtu. Hatuwezi kuudai kwa lazima.

3. TUTENDE

Ndugu zangu, nashauri tufuate mambo 4.

Kwanza, tuulize kazi, tusiulize dawa. Ni halali kumuuliza mgombea kwenye baraza: "Mheshimiwa, je, kuna jambo la afya litakalokuzuia kufanya kazi hii miaka 5?" Si halali kuuliza anatumia vidonge gani, ana virusi au hana, kwa nini hajazaa, au aliwahi kwenda kwa mshauri wa akili. Ulemavu usitajwe kama kasoro kabisa. Hujafa hujaumbika.

Pili, kadiri kiti kilivyo kikubwa, ndivyo jibu linavyopaswa kuwa kamili. Rais ni Amiri Jeshi Mkuu, na uamuzi wake mmoja unagusa kila nyumba. Ugonjwa mzito unaoweza kumzuia kuamua, wananchi wauelezwe. Mwakilishi wadi hatuhitaji kumdai hivyo.

Tatu, tumwangalie naibu. Rais akifariki, naibu anamaliza muhula. Gavana vivyo hivyo. Nyeri mwaka 2017 ilipoteza magavana 2: Nderitu Gachagua mwezi Februari baada ya kuugua, na Wahome Gakuru mwezi Novemba kwa ajali ya barabarani. Hakuna daktari angeweza kutabiri hilo la pili. Ukipiga kura ya gavana umechagua watu 2, basi mjue wote wawili.

Nne, tusibebe uvumi. Ukiletewa ujumbe kwenye simu kwamba fulani yuko mahututi, jiulize: nani amesema? Je, yeye mwenyewe, familia au daktari aliyeruhusiwa amesema? Kama hapana, ufute. Na sisi tunaohudumia wagonjwa, wauguzi, wahudumu wa afya na makatekista, midomo yetu ifungwe kabisa. Mgonjwa akijua tunatoboa siri, hatakuja kliniki tena, naye atafia nyumbani.

Wagombea nao tuwakumbushe methali: mficha ugonjwa kifo humuumbua. Hatuwaombi watuvulie nguo. Tunawaomba wasitudanganye.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika kijiji chetu kuna mtu aliyenyimwa uongozi kwa sababu ya uvumi wa ugonjwa? Tufanye nini kwake? (Msitaje ugonjwa wake.)

2. Kiongozi akiugua muda mrefu ofisini, nani huumia kwanza? Toeni mfano wa huduma iliyokwama.

3. Andikeni swali moja la afya ambalo jumuiya yenu ingemuuliza kila mgombea bila kumdhalilisha.

4. Somo: Sira 37:7-15, juu ya kuchagua mshauri. Je, tunatafuta kiongozi mwenye mwili mzima, ama mwenye moyo mnyofu?

Mungu awabariki, na awape afya njema wagonjwa wetu wote, wakubwa kwa wadogo.