MZEE WALLIS ANAANZA KUCHORA

Wako watu wanaosema, "Mimi mtu mzima, nitajifunza nini tena?" Leo tusome habari za mzee mmoja wa Uingereza. Huyu alianza kuchora picha akiwa na umri wa miaka 70 hivi. Jina lake Alfred Wallis.

Mtu wa baharini

Wallis alizaliwa mwaka 1855 huko Devonport, mji wa bandari. Watu wake walikuwa maskini, na shule hakusoma sana. Ujanani alifanya kazi ya ubaharia na uvuvi. Mwaka 1890 alihamia St Ives, mji mdogo wa wavuvi, pamoja na mkewe Susan. Hapo alifungua duka la kununua na kuuza vyuma chakavu, kamba na matanga makuukuu.

Mwaka 1922 mkewe alifariki. Mzee akabaki peke yake, nyumba kimya. Alieleza mwenyewe kuwa alianza kuchora ili apate cha kumliwaza.

Vifaa vyake

Je, vifaa alipata wapi? Karatasi nzuri hakununua. Alichora juu ya vipande vya maboksi kutoka madukani. Rangi yake ilikuwa ile ya kupaka mashua. Kama boksi lilikatwa upande, basi picha nayo ilifuata upande huo huo.

Alichora mashua, bandari, nyumba na mnara wa taa. Kitu alichokiona ni muhimu alikichora kikubwa. Ndiyo maana katika picha zake mashua inaweza kuwa kubwa kuliko nyumba. Si kwamba alikuwa haoni. Kwa mvuvi, mashua ndiyo chakula cha watoto.

Tena alichora kwa kukumbuka. Wakati ule vyombo vya matanga vilikuwa vinatoweka, vya injini vinachukua nafasi yake. Wallis alitaka vile vya zamani visisahaulike. Kila kamba na kila tanga alijua kazi yake, maana alizishika kwa mikono yake.

Wageni wawili

Mwaka 1928 wachoraji wawili waliosomea kazi hiyo, Ben Nicholson na Christopher Wood, walikuwa wanapita njiani. Mlango wa mzee ulikuwa wazi. Wakaona picha zimejaa ukutani. Walisimama, wakaingia. Toka siku hiyo waliosoma wakajifunza kwa mzee ambaye hakusomea uchoraji.

Sifa bila shibe

Lakini sifa haikumtoa katika umaskini. Picha zake zilinunuliwa kwa shilingi chache tu. Alifariki mwaka 1942 katika nyumba ya kutunzia maskini huko Madron. Rafiki zake wachoraji walikataa azikwe kama mtu asiye na mwenyewe. Mfinyanzi Bernard Leach alitengeneza vigae vya kufunika kaburi lake, vyenye picha ya mnara wa taa. Leo picha zile za maboksi zimehifadhiwa katika majumba makubwa ya sanaa, kama Tate na Kettle's Yard.

Tunajifunza nini?

Kwanza, uzee hauzuii kuanza. Pili, kazi unayoijua vizuri ni elimu, na inafaa kuwekwa mahali isipotee. Wallis aliiweka kwa rangi. Sisi tuliojua kusoma na kuandika tunaweza kuiweka kwa kalamu. Tatu, tumthamini fundi wetu angali hai. Kumsifu kaburini hakumshibishi.

Maana ya maneno

Makuukuu: ya zamani, yaliyochakaa.
Mnara wa taa: jengo refu lenye taa ya kuongoza vyombo baharini usiku.
Kumliwaza mtu: kumpunguzia huzuni.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini Wallis alichora mashua kubwa kuliko nyumba?
2. Je, alilipwa kwa haki? Toeni sababu.
3. Ni kazi gani ya zamani inayotoweka kijijini kwenu? Muulize mzee anayeijua, halafu andika mistari kumi katika daftari lako.