Dondoo muhimu: Kumweleza mtu kwa haki kwa Kiingereza

Unapoandika habari au ripoti kwa Kiingereza, chunga maneno haya kabla hayajamhukumu mtu asiye na nafasi ya kujibu.

1. Usigeuze kila "alisema" kuwa "he said". Kiambishi chetu "a-" hakibagui jinsia. Daktari unayemnukuu huenda ni mwanamke. Uliza. Usipojua, andika "they", neno ambalo kamusi ya Merriam-Webster ililichagua kuwa neno la mwaka 2019.

2. Mtangulize mtu, si hali yake: "person with albinism", si "albino".

3. Tofautisha VVU na UKIMWI. Mwenye virusi ni "person living with HIV". "AIDS victim" ni kosa la kitabibu na pia linaumiza.

4. Futa "confined to a wheelchair". Kiti hicho hakimfungi mtu, kinampeleka anakokwenda. Andika "wheelchair user".

5. Mama wa miaka 40 anayelea watoto wa wenzake si "house girl". Ni "domestic worker", na kazi yake ni kazi.

6. Aliyekamatwa si "thief". Andika "accused of theft" hadi mahakama iamue.

7. Tumia "said". "Claimed" humtilia mtu shaka, "admitted" humtia hatiani.

8. Kabila, dini na ndoa: taja pale tu habari inapodai.

9. Mhusika akichagua jina lake, lifuate. Viziwi wengi, kwa mfano, hujiita "Deaf" kwa herufi kubwa, na chaguo lao linatangulia orodha hii.