Nuru Hupitaje Pasipo Hewa?

Watoto, jueni kwanza namna sauti inavyosafiri. Piga ngoma, kisha gusa ngozi yake polepole kwa vidole. Inatetemeka. Ngozi husukuma hewa iliyo karibu nayo, na hewa hiyo husukuma hewa ya mbele, mpaka mtetemo ufike masikioni. Ni kama mawimbi ya ziwa. Mtumbwi uliofungwa hupanda na kushuka mahali pake, lakini wimbi huendelea mpaka ukingoni. Pasipo maji, hakuna wimbi la ziwa. Pasipo hewa, mlio wa ngoma haukufikii.

Sasa fikirini. Hewa huizunguka dunia kama ganda jembamba. Toka mwisho wa hewa mpaka kwenye jua ni mwendo wa kilometa milioni 150 hivi, na njia yote ni tupu. Basi, joto la jua hubebwa na nini?

Robert Boyle, mtu wa elimu, alifanya jaribio huko Uingereza, akaandika habari zake mwaka 1660. Alitundika saa kwa uzi ndani ya chombo kikubwa cha kioo. Mlio wa saa ulisikika vizuri. Kisha hewa ikatolewa kwa pampu. Mlio ukafifia, ukafifia, mwisho haukusikika tena. Je, saa ilisimama? Hapana! Watu walitazama katika kioo, wakauona mshale wake ukiendelea kuzunguka. Angalieni vema: sauti ilikwama ndani, lakini nuru ilipita mahali patupu ikafika machoni mwao.

Kwa nini? Nuru ni wimbi la namna nyingine. Mwaka 1865 James Clerk Maxwell alieleza hivi: nguvu ya umeme ikibadilika, huzaa nguvu ya sumaku, nguvu ya sumaku ikibadilika, huzaa tena nguvu ya umeme. Hizo mbili hupokezana njiani, wala hazihitaji hewa ya kuzibeba. Hivyo nuru hukimbia kilometa 300,000 kila sekunde. Joto linalokausha mihogo yenu uwanjani lilitoka kwenye jua dakika 8 hivi zilizopita.

Mawimbi ya radio ni ndugu za nuru. Mwaka 1969 Wamarekani wawili walitembea juu ya mwezi, pasipo hewa. Mmoja angalipiga kelele hatua chache tu kutoka kwa mwenzake, huyo asingalisikia neno. Walisemezana kwa radio.

Lakini msilitazame jua lenyewe. Nguvu ile inayokausha mihogo huharibu macho.

MAULIZO

1. Sauti ya ngoma hubebwa na nini?
2. Watu walijuaje kwamba saa ya Boyle haikusimama?
3. Kwa nini wale watu wawili mwezini walihitaji radio?
4. Jioni, keti kando ya moto. Weka ubao kati ya uso wako na moto. Joto usoni hupungua mara moja. Eleza sababu.