Muulizeni Waziwazi

Swali: Mdogo wangu anatumia heroini, na sasa anasema amechoka kuishi. Wazee wanatukataza kumuuliza kuhusu kujiua, eti tutamtia wazo hilo kichwani. Aache dawa kwanza?

Jibu: Muulizeni leo, tena waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Hofu ya wazee naielewa, lakini tafiti hazijaonyesha kwamba swali hilo humwongezea mtu hatari; wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye yupo wa kuwasikiliza. Akikubali, asiachwe peke yake: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na nyumbani fungieni vidonge na sumu za shambani, kwani msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi.

Kusubiri aache dawa kwanza, hapana. Sonona na uraibu huchocheana, hivyo vitibiwe pamoja. Kumfungia chumbani mpaka arosto (mateso ya kukosa dawa) imwishe ni hatari kubwa: mwili ukishakaa bila heroini, kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua hata kama hakukusudia kufa. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini iliyoanza kutolewa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, hupunguza vifo vya namna hiyo. Wapo wanaosema ni kubadilisha uraibu kwa uraibu. Lakini anayekunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu haamki akihangaikia kete ya heroini, na akianza kukata tamaa yupo mtaalamu wa kuliona hilo mapema. Mpelekeni, na mmoja wenu abaki naye hadi amwone daktari.