Homa Imeondoka, Damu Bado Haijarudi

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma. Malaria ilikulaza, dozi ya dawa mseto umeimaliza, homa imekatika, na Jumamosi hii wenzako wa joging wanatoka Temeke kwenda Coco Beach. Unasema unajisikia mzima, unataka kwenda nao. Jumamosi hii usiende. Nakueleza sababu, maana najua katazo tupu halimzuii mtu anayependa mbio.

Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, vikazaliana humo, kisha vikazipasua na kuhamia nyingine. Hata chembe nyingi ambazo havikuziingia huharibika katika vurugu hiyo. Na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni kuipeleka kwenye misuli. Dawa mseto ya siku 3 inaua vimelea, lakini damu iliyopotea hairudishi. Kazi hiyo ni ya uboho wa mifupa, nao huhitaji wiki kadhaa. Ndiyo maana mtu asiye na homa hata kidogo anaweza kupanda ngazi za ghorofa moja tu akahema na moyo ukamdunda. Ukikimbia katika hali hiyo, moyo unabebeshwa mzigo wa damu isiyokuwepo.

Kuna pia bandama, chini ya mbavu za kushoto. Malaria huweza kuivimbisha, na ikivimba, pigo la tumbo linaweza kuipasua. Kwa hiyo mpira na ndondi viache mpaka daktari akupapase tumbo na kukuruhusu.

Kabla ya kufunga kamba za raba, nenda kapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Kama hedhi yako huwa nzito, kipimo hiki usikiruke. Damu ikiwa pungufu, mwache daktari akuandikie dawa. Usijinunulie vidonge dukani kwa kukisia.

Majibu yakiwa mazuri na hamu ya kula imerudi, anza kwa kutembea dakika 15 au 20 asubuhi, kabla jua halijawa kali. Pumzika siku inayofuata. Ukimaliza wiki hivyo bila kuchoka kupita kiasi, kimbia taratibu dakika 1, tembea 2, rudia mara chache, kisha urudi nyumbani ukiwa bado na nguvu. Wiki zinazofuata ongeza muda kidogo kidogo. Kasi ije mwisho kabisa. Ukikimbia uwe unaweza kuzungumza sentensi nzima, ukishindwa, tembea. Na kila asubuhi, kabla hujainuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Yakizidi kiwango chako cha kawaida kwa 10 au zaidi, siku hiyo ni ya kupumzika.

Jikoni nako kuna kazi. Kula maini, dagaa, maharage na mboga za majani. Kamulia limau kwenye mboga au kula chungwa baada ya mlo, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai inaufanya ufyonzaji huo upungue, hivyo usiinywe pamoja na chakula. Subiri saa moja hivi.

Utasikia watu wakikwambia ukimbie utoe mabaki ya homa kwa jasho. Usiwasikilize. Vimelea havitoki kwa jasho, vinatoka kwa dawa uliyomaliza. Homa ikirudi ndani ya wiki chache, rudi kituo cha afya ukapimwe tena, usimeze dozi ya jirani. Na ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, moyo kwenda mbio hata ukiwa umekaa, au mkojo mweusi, acha mazoezi na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Najua kinachokuuma zaidi ni picha za wenzako kwenye kundi la WhatsApp, na hofu kwamba pumzi uliyoijenga inapotea. Itapungua, ni kweli, lakini msingi wa miezi mingi haufutiki kwa wiki chache za kupumzika, na ukirudi huanzi kama mtu ambaye hajawahi kukimbia. Kinachowarudisha wengi kitandani ni haraka. Waambie wenzako ukweli: nimetoka kuumwa, damu yangu bado inajengeka. Kikundi kinachokupenda kitakupa mtu wa kutembea nawe nyuma. Kikikucheka, tembea na mama au jirani mpaka nguvu zirudi. Mbio za Jumamosi zipo kila wiki, mdogo wangu. Kapime damu kwanza, halafu uniandikie majibu, tupange pamoja Jumamosi ya kurudi barabarani.