DVD Imegoma? Vidokezo 9 vya Kujaribu Kabla ya Kumwita Fundi

Video ya harusi ipo kwenye flashi, na shangazi kule kijijini anataka DVD yake ya kuweka kwenye deki. Unatia diski tupu, unabonyeza kitufe, unaenda kunywa chai. Ukirudi unakuta imefika asilimia 97 na kukata roho. Unajaribu nyingine, nayo vilevile. Sasa kwenye meza umeshapata vikalio vya vikombe vya kutosha!

Vuta pumzi. Kompyuta yako haijafa, wala hujarogwa. Mkosaji huwa mmoja kati ya watatu: diski, draivu inayochoma, au mafaili unayoyachoma. Kazi yetu leo ni kumkamata. Sharti ni moja tu: badilisha jambo moja, jaribu, kisha uende kwenye jingine. Ukibadilisha mambo matano kwa mpigo, hata ukifaulu hutajua kilichokusaidia.

1. Punguza mwendo, dereva!

Kama una muda wa kidokezo kimoja tu, chukua hiki. Programu nyingi za kuchoma huja zikiwa zimewekwa kwenye kasi ya juu kabisa, na ni wachache wanaoigusa sehemu hiyo. Diski yako imeandikwa 16x? Chagua 8x. Ikigoma, jaribu 4x. Hesabu yenyewe haiumizi: kwa DVD, 1x ni karibu MB 1.4 kwa sekunde, kwa hiyo diski nzima kwa 4x huchukua kama robo saa, na kwa 16x dakika tano au sita. Unaokoa dakika kumi, unatupa diski tatu. Biashara gani hiyo?

Ila usitambae kupita kiasi. Diski za 16x hazikutengenezwa kwa ajili ya 1x, na kasi ndogo mno nayo huweza kuleta matokeo mabaya. Nusu ya kasi iliyoandikwa ni mahali pazuri pa kuanzia.

2. Soma herufi ndogo

CD-R, DVD-R, DVD+R, DVD-RW, DL: hizo herufi hazikuwekwa kwa ajili ya urembo. Angalia nembo iliyoko mlangoni mwa draivu. Laptopu nyingi za zamani zina draivu inayosoma DVD lakini inachoma CD tu, na mwenyewe anaweza kuhangaika wiki nzima akidhani diski ni mbovu. Ile alama ya kujumlisha na ya kutoa nayo ina maana. DVD-R ilitangulia mwaka 1997, DVD+R ikafuata 2002, na draivu za miaka ile ya mwanzo huenda zikakubali aina moja tu. Za baadaye huchoma zote. Kama DVD yako inakwenda kwenye deki kuukuu, mimi ningenunua DVD-R.

3. GB 4.7 siyo GB 4.7

Hakuna aliyekuibia. Mtengenezaji wa diski anahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo diski ya GB 4.7 kwenye skrini yako ni kama GB 4.38. Ukilazimisha faili la GB 4.5, ujue unaenda kugongana na ukuta.

Tena usijaze mpaka ukingoni. Kuchoma huanzia katikati ya diski na kwenda nje, na katika diski za bei rahisi ukingo wa nje ndio dhaifu zaidi. Ndiyo maana kazi nyingi hufia kwenye asilimia tisini na ushee. Acha MB 200 au 300 bila kitu uone mambo yanavyonyooka.

Kwa CD ya muziki ya kuchezwa kwenye redio, sahau MB kabisa. Hapo kinachohesabiwa ni dakika, nazo ni 80.

4. Mshuku mgeni kwanza

Draivu umeishi nayo miaka, diski umeinunua jana. Nani ana mashaka zaidi? Kabla ya kuanza kazi, draivu hupima nguvu ya mwanga wake kwenye eneo dogo karibu na tundu la katikati. Rangi ya diski isipoitikia vizuri, utaona maneno "Power Calibration Error". Tafsiri yake ya mtaani: diski hii mimi na yeye hatuelewani.

Kuna siri nyingine. Jina lililochapishwa juu ya diski si lazima liwe la kiwanda kilichoitengeneza. Kiwanda huacha alama yake ndani, na programu ya bure kama ImgBurn hukuonyesha alama hiyo ukiweka diski tupu. Makasha mawili yenye jina moja yanaweza kutoka viwanda viwili tofauti. Kwa hiyo kabla ya kubeba mnara wa diski 50 kwa sababu muuzaji amekupunguzia bei, nunua mbili, zichome, ndipo urudi. Na zisikae kwenye dashibodi ya gari juani.

5. Ipe kompyuta kazi moja

Wakati wa kuchoma, draivu inataka kulishwa data bila kukatizwa. Zamani data zikichelewa kidogo tu, diski imekwenda. Kuanzia mwaka 2000 hivi draivu zilipata ufundi wa kusimama na kuendelea pale zilipoishia, lakini afadhali usizilazimishe kuonyesha ufundi huo kila dakika. Funga filamu, funga kivinjari, ahirisha ukaguzi wa virusi. Usichome moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Nakili mafaili kwenye kompyuta kwanza. Hakikisha diski C ina nafasi ya GB 10 hivi, maana programu nyingi huandaa kazi hapo kabla ya kuchoma. Zima pia ule mtindo wa kompyuta kusinzia ikiachwa peke yake.

Na umeme? Laptopu iwe na betri iliyojaa na chaja ikiwa imechomekwa. Ya mezani bila UPS, subiri saa ambazo mtaani kwenu umeme huwa umetulia.

6. Draivu ya nje ina njaa

Hizi draivu nyembamba za USB zina tabia moja ya kuchekesha: zinasoma vizuri, zikianza kuchoma zinazimika. Sababu ni kwamba kuchoma kunakula umeme mwingi kuliko kusoma, na tundu la USB 2.0 linaahidi miliampia 500 tu. Kama waya wake una vichwa viwili, chomeka vyote viwili. Usipitishie kwenye kigawanyo cha USB. Kwa kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma.

7. Imechomeka vizuri, deki haitaki kuisoma

Hapa ndipo watu wengi wanaponyolewa, kwa sababu kompyuta imesema kazi imekamilika na kila kitu kinaonekana shwari. Angalia mambo matatu.

La kwanza, Windows ikikuuliza unataka kuitumia diski vipi, inakupa njia mbili: kama flashi, au kwa ajili ya mashine ya CD na DVD. Chagua ya pili. Ya kwanza inafaa kompyuta kwa kompyuta, na deki nyingi haziielewi.

La pili, funga diski. Kwenye programu kama Nero kuna kisanduku cha kuamua kama diski ifungwe au iachwe wazi uje kuongeza mambo baadaye. Ikiachwa wazi, kompyuta iliyoichoma itaisoma, deki itakukodolea macho.

La tatu ndilo kubwa. Kuburuta faili la MP4 na kulichoma hakutengenezi DVD ya video. Deki ya kawaida inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS yenye mafaili ya aina yake, na kazi ya kuyatengeneza inahitaji programu, mfano DVDStyler, ambayo ni ya bure. Chagua PAL, ndio mfumo wa runinga zilizozoeleka kwetu. Ubadilishaji huo ni wa taratibu, hata ukasonge ugali urudi.

Faili la ISO, yaani taswira ya diski nzima, nalo lina mtego wake. Ukilinakili kwenye diski kama faili lolote, utapata diski yenye faili moja kubwa lisilo na faida. Kuanzia Windows 7, bofya faili hilo kwa kitufe cha kulia na uchague njia ya kuchoma taswira ya diski.

8. Hakiki, ndipo uandike jina

Weka tiki kwenye sehemu ya kuhakiki baada ya kuchoma. Inaongeza dakika chache, lakini ni afadhali aibu ikukute chumbani kwako kuliko sebuleni kwa watu. Kisha andika jina kwa makapeni laini, si kwa kalamu ya kawaida. Kwenye CD, data ziko chini kabisa ya upande wa jina, na mkwaruzo wa huko juu ni mbaya kuliko wa upande unaong'aa. DVD ina nafuu: data zake zimebanwa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6. Stika za karatasi usibandike. Diski ikizunguka kwa kasi, uzito wake unaegemea upande mmoja.

9. Ukishindwa kote, mtazame draivu usoni

Umetumia diski za aina mbili, umepunguza kasi, umefunga kila kitu, bado? Fanya jaribio hili dogo: choma CD, kisha DVD. CD hutumia mwanga wa nanomita 780, DVD 650, na kila mmoja una chanzo chake. Kama CD inakubali na DVD inagoma kwa kila diski, huenda chanzo cha DVD kimechoka, na hakuna programu itakayokiamsha.

Zikigoma zote mbili, lenzi inaweza kuwa na vumbi. Kwenye laptopu ukivuta trei unaiona, kijicho kidogo kinachong'aa. Pulizia hewa kwa kipulizo cha mpira, au gusa taratibu kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili. Si manukato, si mate, na usikandamize.

Bado tu? Basi nunua draivu ya nje. Fundi akikuambia atakufungulia ya ndani akuongezee nguvu ya mwanga, mshukuru na ufunge laptopu yako. Chanzo cha mwanga kilicholazimishwa kufanya kazi hivyo huchakaa haraka, na utamlipa tena.